Meno ya Benchi la Mbele

Ukitaka kuingia tuisheni ya Mwalimu Chonge, huulizwi shuleni ulipata ngapi. Unaambiwa fungua mdomo.

Anakusogeza mlangoni penye mwanga, anakushika kidevu kwa vidole vya chaki, anainamisha kichwa upande huu, halafu upande ule, kama mnunuzi asiyemwamini mwenye bucha. "Sema aaa." Unasema aaa. Akikuta meno yamepandana, moja mbele, jingine ubavuni, kama watu wanaogombea dirisha la kulipia umeme, uso unamchanua. "Huyu kichwa kipo! Mbele!" Akikuta meno yamejipanga vizuri, anashusha pumzi na kumshika mzazi bega kama mtu aliyechelewa kufika msibani. "Tutajitahidi, mama. Nyuma kule, karibu na friji."

Jina la Chonge alipewa na wanafunzi kwa ajili ya jino lake moja la juu, upande wa kushoto, ambalo huingia chumbani kabla ya mwenyewe. Hakulichukia hata kidogo. Kwenye kibao cha mlangoni aliandika kwa mkono wake: HESABU KWA CHONGE, KARIBUNI.

Darasa ni baraza la nyuma ya nyumba, alilolizungushia matofali mwaka ule aliogombana na mkuu wa shule na kuamua kwamba ajira haimstahili. Ubao ni ukuta uliopakwa rangi nyeusi. Kuna mabenchi matatu, na kati ya benchi la pili na la tatu kuna nguzo nene ya zege inayoshikilia paa; mtu wa kuisogeza hajazaliwa. Nyuma kabisa ndipo lilipo friji la familia, kwa sababu jikoni halikuenea. Ni friji la siku nyingi, lenye mngurumo wa lori linalopanda mlima na mzigo wa watu wengine. Likianza, benchi la nyuma linasikia aljebra kama msafiri anavyosikia matangazo ya kituoni: unajua kuna jambo la maana linasemwa, na unajua linakuhusu, basi. Tena kila mwenye kiu katika nyumba ile hupita darasani. "Samahani, mwalimu, maji tu." Wa benchi la nyuma husimama, huinamisha vichwa, hufungua, hufunga, na mara nyingine hupitisha chupa mpaka mbele, ili wenye akili wasikauke koo.

Kila muhula, wa benchi la mbele walifaulu na wa nyuma wakaanguka. Mwalimu Chonge aliwaonyesha wazazi matokeo hayo akitetemeka kwa furaha. "Takwimu, ndugu zangu! Mimi sisemi kitu. Takwimu ndizo zinasema!" Wazazi wakatikisa vichwa. Hakuna aliyetaka maoni ya friji.

Nadharia yenyewe hakuitoa chuoni. Aliipata akiwa na miaka kumi na mitatu, meno ya ukubwani yalipomwota kila moja na safari yake. Shuleni wakamwita Reki. Siku moja alirudi nyumbani analia, akamkuta bibi yake anachagua mawe kwenye mchele. Bibi hakuinua hata macho. "Mjukuu wangu, akili zimekujaa kichwani mpaka meno yamekosa pa kukaa. Waambie hao wenye nafasi mdomoni, wana nafasi na huko juu."

Bibi alikuwa anamnyamazisha mtoto ili amalize mchele. Mjukuu aliondoka na sayansi.

Mke wake ni fundi wa kushona, na cherehani chake kipo sebuleni, upande wa pili wa pazia. Kati ya kazi zake kuna moja anayoijua kuliko mafundi wote wa mtaa: kugeuza kola. Shati likichakaa shingoni, yeye halitupi. Anaifumua kola, anaigeuza upande wa ndani uje nje, anairudishia, na mwenye shati anatoka akidhani amevaa jipya. Mashati yote ya Mwalimu Chonge yameshageuzwa. Mengine mwenyewe hajui.

Wana mtoto mmoja, binti wa miaka kumi na minne, na huyo ndiye aliyeleta kesi yote hii.

Baba yake alimpa jina la Profesa siku lilipotoka jino lake la pili la mbele, maana lilitoka likiangalia dirishani. Yaliyofuata hayakuwa na adabu zaidi. Ya juu yalitangulia mpaka midomo ikawa haikutani, na ya chini yakabaki nyuma yakichoma kaakaa kila alipotafuna. Alikuwa na kidonda humo ndani kisichopona. Alikula polepole, akicheka alifunika mdomo kwa mkono, na shuleni walipomchagua aongoze mdahalo alisema ana mafua. Alikuwa na mafua muhula mzima. Baba yake hakuyaona hayo. Yeye aliona tangazo. Mzazi mpya akifika, humwita: "Profesa, hebu mcheke mama kidogo aone." Na Profesa, wa kwanza benchi la mbele, anacheka hicho kicheko cha kazi, masikio yamemwaka.

Ndipo daktari wa meno akaja shuleni kwao.

Alikuwa dada mmoja mpole mwenye tochi kichwani, ametumwa na hospitali kutafuta watoto wanaohitaji waya wa meno. Alimkagua kila mtoto na kumpa namba. Moja maana yake meno yametulia, huna haja nasi. Tano maana yake meno yanakuumiza, uje hospitali haraka. Waliopata nne na tano wangewekewa waya bila malipo, ilimradi mzazi afike mwenyewe na kukubali, kabla shule hazijafungwa. Aliyaeleza yote hayo kwa utulivu, mara mbili. Watoto walibeba namba nyumbani; maelezo waliyaacha getini.

Profesa peke yake ndiye aliyebeba vyote viwili.

"Baba, nimepata tano."

"Kati ya ngapi?"

"Tano. Lakini baba, tano ndiyo..."

Hakumaliza. Mwalimu Chonge alikuwa ameshamnyanyua. "Tano kwa tano! Mama Profesa, umesikia? Tano kwa tano, na hakusoma!"

"Baba, tano ni mbaya."

"Tangu lini tano kwa tano ikawa mbaya? Ukipata tano kwa tano kwenye hesabu unalia?"

"Hii si hesabu. Ni meno."

"Mwanangu," alisema, akimtua kwa upole kama anayelitua yai, "kila kitu ni hesabu."

Kufikia jioni, chini ya HESABU KWA CHONGE palikuwa na mstari mpya kwa chaki: BINTI WA MWALIMU 5/5, HOSPITALI IMETHIBITISHA. Profesa aliufuta. Baba akauandika tena kwa rangi.

Upande wa pili wa barabara, habari ilifika saluni. Msusi wa pale ni mama mwenye sauti ya kuita watu wawili kwa mpigo, na binti yake, rika la Profesa, anaitwa Kigae, kwa kuwa meno yake ni kama fundi aliyapanga kwa pima maji. Kigae alikuwa amepata moja. Kwa habari hiyo msusi alimwacha mteja na kichwa nusu, akavuka barabara na kitana mkononi.

"Moja, mwalimu! Moja! Mtoto anakula vizuri, analala mapema, simu nimemnyang'anya, halafu moja?"

"Pole, mama Kigae. Nilikwambia tangu siku ya kwanza. Kinywa kina nafasi sana."

"Nataka arudie huo mtihani."

Akaenda hospitali kweli. Alirudi amechanganyikiwa zaidi. "Namwambia daktari mpe nafasi nyingine mtoto, ananiambia mama, moja ndiyo nzuri. Nikamwambia dada, usinifariji, mimi ni mtu mzima."

Basi usiku na mchana ikawa ni zogo hilo: akina mama wa tatu wakiwadharau wa mbili, na baba mmoja ambaye mtoto wake alipata nne akipita mtaani taratibu, kama mtu anayetafuta salamu. Kati yao wote, aliyejua maana ya namba alikuwa mtoto mmoja tu, na mdomo ulikuwa unamuuma.

Mezani, Profesa alijaribu tena. "Baba, twende hospitali. Daktari anasema bila waya hiki kidonda hakiponi."

"Meno ya mbwa hayaumani, mwanangu."

"Mimi si mbwa, baba. Na yanauma."

Mama yake aligeuza uso ukutani, mabega yakicheka. Mwalimu Chonge alisukuma sahani. "Sikiliza. Hao wanataka kuyanyoosha. Ukiyanyoosha yatahitaji nafasi. Nafasi itatoka wapi? Itatoka juu. Unataka nimlipe daktari kwa akili za mwanangu?"

"Ni bure," alisema mke wake.

"Ndiyo ujue kuna kitu wanachukua!"

"Baba Profesa, mtoto hatafuni. Kiti cha hospitali wamemshikia, shule zikifungwa wanampa mwingine. Unataka nadharia, au unataka mtoto ale?"

Mwalimu alikuwa ameweka kidole kwenye chonge lake, kama afanyavyo akizidiwa. Mke wake alikijua kidole hicho tangu uchumba, akamrudishia sahani. Kumwambia mtu kwamba bibi yake alikuwa anamfukuza tu karibu na ungo si jambo la kufanya wakati wa kula.

Profesa naye alikiona kile kidole. Usiku ule hakulia. Alikaa akafikiri, kazi ambayo, mseme mtakavyo kuhusu meno yake, aliiweza.

Kesho yake darasani, baba akiwa amesimama ubaoni na msusi akiwa amekuja kulalamika kwa mara nyingine, Profesa alinyoosha mkono.

"Mwalimu." Darasani humwita mwalimu. "Juzi ulisema nadharia isiyojaribiwa ni nini?"

"Ni umbea wenye fomula," alisema Mwalimu Chonge kwa fahari, maana sentensi ilikuwa yake.

"Basi tuijaribu yako. Wa mbele twende nyuma, wa nyuma waje mbele, mpaka mtihani wa nusu muhula. Shule ndiyo itakayosahihisha, si wewe. Tukiwashinda bado, mimi na meno yangu hatuendi popote. Wakitushinda, unanipeleka hospitali."

Darasa zima likanyamaza. Hata friji lilikuwa kwenye mapumziko yake.

"Akili haitegemei benchi," alisema Mwalimu Chonge.

"Ndiyo maana huna cha kuogopa."

Msusi akapiga kitana kwenye kiganja. "Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hawakusema akili ni meno! Na nywele ni kazi yangu, mwalimu, usinichezee. Jaribu! Au unaogopa?"

Mwalimu aliyemfukuza mkuu wa shule maishani mwake kwa sababu ya alama ya kutoa hawezi kuulizwa na msusi kama anaogopa. "Hamisha mabenchi!" alinguruma. "Wote! Na mkishindwa msije hapa kunililia."

Wakahama. Kigae na wenzake wenye meno ya kupendeza wakakaa mbele, wakiwa na haya ya watu waliopewa viti vya maharusi kimakosa. Siku ya kwanza Kigae alinyoosha mkono akasema kwa mshangao, "Kumbe ile ni x! Mimi siku zote naona mkia tu." Alikuwa amekaa nyuma ya nguzo.

Nyuma ya nguzo sasa alikaa Profesa. Hakuwa amepanga kujiangusha, wala hakuhitaji. Aliinama kulia, akaona nusu ya swali. Akainama kushoto, akaona nusu ya baba yake. Friji likawasha lori. Shangazi akapita kuchukua maji. Jirani akapita kuuliza kama shangazi amepita. Profesa alishika kalamu, akatazama mbele, na kwa mara ya kwanza akaelewa kwa nini Kigae alikuwa hodari wa kuchora maua pembeni mwa daftari. Naye alianza na ua moja.

Matokeo ya nusu muhula yalipobandikwa, Kigae alikuwa wa kwanza katika hesabu. Wa kwanza! Msusi alifunga saluni mchana kweupe. Wenye meno ya pima maji walimfuata karibu wote. Benchi la vipaji lilidondoka kama maembe ya upepo. Yule wa nne kwa tano, ambaye baba yake alikuwa akitafuta salamu, hakuonekana hata kwenye ukurasa wa kwanza. Profesa alikuwa wa tisa, nafasi ambayo alikuwa hajawahi kuiona hata kwa mbali.

Mwalimu Chonge alifunga tuisheni na kusema ana mafua. Ugonjwa wa ukoo. Mke wake, akiwa kwenye cherehani, alimsikia chumbani akiufungua mdomo mbele ya kioo na kuufunga, kuufungua na kuufunga. Hakumwingilia. Alikuwa na shati lake moja mapajani, anafumua kola.

"Mama," alinong'ona Profesa, "nimemvunja baba."

"Baba yako havunjiki. Ni mtu wa kola. Subiri."

Asubuhi moja mwalimu alitoka akiwa amenyoa, macho yanang'aa, akaketi kwenye chai kama mtu aliyerudi kutoka safari ya heri.

"Nimekosea alama," alitangaza.

"Alama gani?" aliuliza mkewe.

"Ya nadharia. Niliweka kujumlisha mahali pa kutoa, kosa dogo, hata wakubwa wanalifanya. Uhusiano upo! Upo kabisa! Ila unaelekea upande wa pili. Meno yakinyooka, fikra zinapita kwa mstari. Yakipandana, fikra zinakwama mlangoni. Mbona ni wazi? Kigae ni ushahidi unaotembea!" Akamgeukia binti yake, amejaa huruma. "Na wewe mwanangu umefika nafasi ya tisa ukiwa na tano mdomoni! Tano! Ungekuwa na moja ungekuwa wapi? Vaa viatu. Tunakwenda hospitali kabla akili haijaganda."

Profesa alifungua mdomo. Alikuwa na neno moja tu la kusema, na neno hilo lilikuwa friji. Chini ya meza, mguu wa mama yake ukaukanyaga wake, kwa uzito wa mtu aliyekanyaga cherehani miaka yote ya ndoa.

"Asante, baba," alisema Profesa, na kwenda kuvaa viatu.

Hospitalini Mwalimu Chonge alikubali kila kitu kabla hakijasomwa. Alisimama kando ya kiti, akimtazama daktari akigandisha vijidude vya chuma juu ya jino moja baada ya jingine na kupitisha waya.

"Atapanda kwa alama ngapi, daktari?"

"Ataweza kufunga midomo, na kidonda kitapona. Atatafuna vizuri."

"Na hesabu?"

"Mzee, mimi napima meno. Kichwa sikigusi. Na mtu asikudanganye kwamba kimoja kinakuonyesha kingine."

"Hata kidogo?"

"Labda mtoto mwerevu anaijua mapema shida yake, na anajua namna ya kukuleta hapa." Alimtazama Profesa, ambaye alitazama dari. Kisha akalitazama lile chonge. "Na ya kwako, mzee? Yalikuwa yanakusumbua?"

Swali hilo hakuna aliyewahi kumuuliza. Mwalimu Chonge aliweka kidole pale pale.

"Zamani," alisema. "Shuleni. Waliniita Reki. Lakini bibi yangu alinieleza vizuri."

"Tunaweza kuyaangalia pia."

"Hapana, hapana. Mimi mitihani nilishamaliza." Akamshika Profesa mkono, ule ambao kwa kawaida hufunika mdomo, akaushikilia mpaka kazi ikaisha.

Baadaye darasani wenye meno ya kunyooka waliimiliki mbele, akina mama wakampigia kambi daktari wakidai waya kwa watoto wasio na shida, na daktari akawa anajificha stoo. Wenye waya waliwekwa benchi la kati, kwa jina la Wanaoendelea. Nyuma, karibu na friji, walibaki wenye meno ya zamani, waliokuwa wateule muhula uliopita. Profesa aliwatazama, kisha akaenda sebuleni kwa mama yake.

"Mama, cherehani chako hakihitaji friji karibu?"

Mama yake aliacha kukanyaga. "Sasa unavyosema, nasikia joto sana huku."

Mwalimu alipokwenda kununua chaki, mama, binti, msusi na Kigae walilisukuma friji mpaka sebuleni, likalia njia nzima. Benchi la nyuma nalo wakalichomoa nyuma ya nguzo na kulisogeza ubavuni. Mwalimu Chonge alirudi, akaambiwa mke wake anasikia joto, akasema wanawake, akaendelea na milinganyo.

Mwisho wa mwaka wakafaulu wote. Wa mbele, wa kati, wa nyuma. Wa meno yaliyonyooka, yaliyopinda, mpaka mmoja mwenye mapengo. Wazazi walijaa barazani. Mwalimu Chonge alisimama mbele yao na shati lenye kola mpya, akayatazama matokeo, akayageuza, akayatazama tena. Kidole kilianza safari ya kwenda kwenye chonge, kikaishia njiani.

"Waya!" alipaza sauti. "Ndugu zangu, ni waya wa Profesa! Chuma ni antena! Inashika mawimbi ya maarifa na kuyasambaza darasa zima, mpaka kwa wenye mapengo!"

Wazazi wakapiga makofi. Msusi akauliza kama antena hiyo inafika na saluni. Sebuleni friji likanguruma.

Na Profesa, aliyeketi kwa hiari na Kigae benchi la nyuma, alicheka. Alicheka mdomo wazi, chuma chote kikimetameta, na mikono yake miwili imetulia juu ya daftari.